Beringi ya gurudumu la mbele: naweza kuibadilisha nyumbani kwa nyundo?

"Habari za kazi, fundi. Nina Corolla NZE121 ya 2003, naishi Manyoni. Tangu mwezi uliopita gari likifika kilomita 60 kwa saa linaanza kuvuma kama ndege inayojiandaa kuruka. Nikikata kona ya kulia sauti inazidi, nikikata kushoto inapungua. Fundi wa hapa mtaani anasema ni beringi ya mbele kushoto, ataing'oa kwa nyundo na kupigilia mpya mlemle. Mjomba wangu, aliyeendesha Land Cruiser miaka mingi, anasema nisinunue kitu: nifungue, nioshe beringi kwa petroli, nijaze grisi mpya na kukaza nati. Presi ninayoijua, ile mashine ya kusukumia vipande vinavyobana, iko Dodoma mjini, zaidi ya kilomita 100. Nina jeki, soketi, nyundo, tindo na grainda ndogo, na breki na shokapu za gari hili nimeshabadilisha mwenyewe. Je, beringi naweza kuibadilisha nyumbani bila vifaa maalumu?"

Ndugu yangu, ahsante kwa kueleza kwa kirefu, maana maelezo yako yamenipunguzia maswali mengi. Unataka kujua mambo mawili kwa pamoja: kama mikono yako na vifaa ulivyo navyo vinatosha, na kati ya fundi wa mtaani na mjomba nani umsikilize. Nianze na la kwanza. Kufungua na kufunga unakuweza kabisa hapo uani kwako, kwa sababu mtu aliyebadilisha shokapu ameshagusa karibu bolti zote zinazohusika. Kinachobaki ni dakika chache katikati ya kazi, pale beringi mpya inapoingia kwenye nako, kile chuma kizito kinachobeba gurudumu, na habu, kitovu kinachofungwa gurudumu, inapoingia kwenye beringi. Hapo panahitajika nguvu ya kusukuma polepole, si ya kugonga.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kwanza. Mvumo unaopanda na mwendo unaweza kutoka kwenye tairi lililolika kwa mabonde, na nimeona watu wakibadilisha beringi mbili nzima kwa sababu ya tairi bovu. Hamisha matairi ya mbele yaende nyuma, endesha kilomita kumi za lami, usikilize. Sauti ikihamia nyuma, tatizo ni tairi. Ikibaki mbele palepale, nyanyua upande wa kushoto, weka stendi, gia iwe huru. Shika springi ya shokapu kwa kiganja kimoja, na kwa mkono wa pili zungusha gurudumu polepole. Beringi nzima haileti kitu mkononi. Beringi iliyochakaa utaihisi ndani ya springi kama mtu anayesaga mchanga. Kipimo hiki ni kizuri kuliko kile cha kutikisa tairi juu na chini, kwa sababu gurudumu likifika hatua ya kucheza mkononi ujue ubovu umeshakwenda mbali. Ukitikisa kulia na kushoto likacheza, lakini juu na chini limetulia, angalia tairodi kwanza, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Na kama ungeniambia linalia ka-ka-ka ukiwa umekunja usukani mpaka mwisho, ningekupeleka kwenye jointi ya shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu.

Hiyo habari ya kona uliyoitaja ni dalili nzuri. Gari likikata kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto. Beringi ya kushoto inabebeshwa zaidi, na kama ni mbovu inapiga kelele zaidi. Nasema dalili nzuri, sisemi ushahidi, kwa sababu beringi hizi zina safu mbili za gololi, na mara nyingine safu inayolia ni ile inayobebeshwa kwenye kona ya upande wa pili. Kipimo cha springi fanya pande zote mbili. Na ukikuta ya kulia ni nzima, usikubali kuambiwa lazima ubadilishe zote mbili. Beringi hazifanani na pedi za breki. Iliyo nzima iache.

Sasa tuingie ndani ya chuma chenyewe, maana ukielewa kinachotendeka humo utaweza kuwajibu mjomba na fundi bila kugombana na mtu.

Nako ni kile chuma kizito kinachobeba kila kitu: shokapu kwa juu, boljointi (kiungo cha chini kinachoiruhusu kugeuka) kwa chini, tairodi kwa pembeni, na kalipa ya breki, ile inayobana diski. Katikati yake pana tundu la duara lililochongwa kwa usahihi mkubwa, na ndani ya tundu hilo ringi ya nje ya beringi imekaa kwa kubana. Ringi ya nje haizunguki. Ringi ya ndani imevaliwa na habu, nayo pia kwa kubana, na hiyo ndiyo inayozunguka na gurudumu. Kati ya ringi hizo mbili zipo gololi, safu mbili, na ndizo daraja pekee. Uzito wa upande ule wa gari unapita kutoka kwenye nako, kwenye ringi ya nje, kwenye gololi, mpaka kwenye habu na tairi. Gololi ni duara na njia yake imepinda, kwa hiyo zinagusana mahali padogo sana. Chuma chake ni kigumu mno ili kuhimili shinikizo hilo, lakini ugumu una bei yake: kikipigwa ghafla, njia ya gololi inabonyea vidimbwi ambavyo jicho halivioni. Gololi ikipita kwenye kidimbwi inagonga. Kila ikigonga, chuma kinameguka kidogo pembeni, na vimeguko hivyo vinasagwa na gololi zinazofuata. Huo ndio mvumo unaousikia, na ndiyo maana hauishi wenyewe.

Makorongo ya barabara yanaweza kuanzisha hali hii. Maji pia. Ukitoka safari ndefu habu ina joto, ukaingiza gari kwenye mto au dimbwi la baridi, hewa iliyo ndani ya beringi inasinyaa ghafla na kuvuta unyevu kupitia kwenye sili, ule ukingo unaozuia vumbi na maji. Lakini sababu niliyoikuta mara nyingi zaidi kwenye beringi iliyokufa mapema ni mtu aliyeifunga.

Mjomba wako hasemi upuuzi. Anasema ukweli wa gari jingine. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye ekseli ngumu mbele zina beringi mbili za rola zilizochongoka kila upande. Zile hufunguliwa, huoshwa, hupakwa grisi mpya, na nati yake hutumika kurekebisha mkazo. Ni matengenezo ya kawaida kabisa. Corolla yako haina beringi ya namna hiyo. Yako imefungwa kiwandani na sili pande zote, na grisi yake imo ndani kwa maisha yake yote. Hakuna mlango wa kuongezea. Wapo wanaochoma sili kwa sindano na kusukuma grisi. Sauti inapoa siku mbili tatu kwa sababu grisi imeziba pengo, kisha inarudi ikiwa na vumbi ndani. Na nati ya shafti kwenye gari lako si ya kurekebisha. Ringi ya ndani imegawanyika nusu mbili zinazotazamana, na nati ikikazwa kwa kipimo chake nusu hizo zinagusana uso kwa uso. Nafasi ya gololi ilishapimwa kiwandani. Kukaza zaidi hakuponyi beringi iliyomeguka, na kuilegeza kunaziachanisha nusu hizo na kuharibu hata beringi nzima. Kwa hiyo mshukuru mjomba, lakini petroli iache kwenye tangi.

Kuhusu nyundo nitasema zaidi, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotea.

Ukitaka kujua kama njia fulani ya kufunga beringi ni salama, jiulize jambo moja tu: nguvu inapita wapi? Ukisukuma ringi ya nje kuingia kwenye nako, nguvu inaishia kwenye ringi ya nje, gololi hazijui kitu. Ukiisukuma kwa kubonyeza ringi ya ndani, nguvu yote ya kubana inapita kwenye gololi, na beringi mpya imeshaumia kabla haijagusa barabara. Vivyo hivyo wakati wa kuingiza habu. Habu inaingia kwenye ringi ya ndani, kwa hiyo ringi ya ndani lazima iegemee kitu kwa nyuma. Ukiweka nako juu ya mbao mbili ukaigonga habu kutoka juu, kinachoizuia beringi isishuke ni ringi ya nje, na kinachounganisha ringi mbili hizo ni gololi. Kila pigo linapita humo. Hilo ndilo kosa analotaka kukufanyia fundi wako, na hatalifanya kwa ubaya. Beringi itaingia, gurudumu litazunguka laini, utamlipa na kuondoka umefurahi.

Nilipokuwa kijana wa gereji nilifunga beringi ya mbele ya Corolla kwa njia hiyohiyo, nikitumia nyundo na beringi ya zamani kama kibao. Mzee mwenye gari alirudi baada ya wiki tatu, mvumo uleule. Mwenye gereji alilaumu beringi kuwa ni feki, tukafunga nyingine kwa njia ileile, mzee akarudi tena. Mara ya tatu tulipeleka nako kwenye presi. Beringi ile sikuiona tena ikirudi. Yule mzee alinunua beringi tatu kwa sababu yangu, na tangu siku hiyo sikugonga beringi mpya tena.

Ila nyundo haina kosa wakati wa kung'oa. Beringi inayotoka imeshakufa. Nguvu ipite popote, haina cha kupoteza. Kwa hiyo kauli yangu ni hii: nyundo kwa kutoa, kusukuma kwa kuingiza.

Sasa njia zako. Ninayokushauri kwa moyo wote ni kufungua nako yote mwenyewe, kuifunga kwenye kiroba pamoja na beringi mpya, na kupanda nayo basi kwenda Dodoma. Nako ya Corolla pamoja na habu yake ni nyepesi kuliko debe la mahindi. Kwenye presi ni kazi ya muda mfupi, jioni uko Manyoni unafunga. Wengi hawalifikirii hili. Wanadhani lazima gari lenyewe lifike kwa fundi, na wanaliendesha zaidi ya kilomita 100 likiwa na beringi inayolia. Wewe liache gari juu ya stendi, tuma kipande. Na ukifika, usikae benchi la nje unywe chai. Simama karibu na mwenye presi, uangalie kinachoegemewa na kinachosukumwa, kwa sababu presi ya tani ishirini iliyowekwa vibaya inaua beringi kwa haraka kuliko nyundo. Ukiona habu inaingizwa huku ringi ya ndani haina kitu chini yake, mwombe kwa upole asimame aweke kipande cha bomba.

Njia ya pili ni kujitengenezea kivutio kwa fimbo ya chuma yenye hesi, ile mikato ya kuzungushia nati. Tafuta fimbo ya milimita 16 hadi 20 yenye alama ya ubora 8.8 au zaidi. Ile laini ya kufungia mabati itanyooka hesi na kukuachia kazi katikati. Utahitaji nati zake mbili ndefu, washa nene, vipande vya bomba vya vipenyo tofauti, na bamba la chuma lenye tundu. Fundi wa kuchomelea wa Manyoni anaweza kukukatia vyote. Nguvu inayotakiwa ni ya tani kadhaa, na hesi iliyopakwa grisi ina uwezo wa kuitoa kwa mkono na spana ndefu. Njia hii ni halali kabisa, nimeitumia porini. Inakula muda, na inataka mtu mwenye subira ya kusimama kila beringi inapoanza kwenda upande.

Ipo na ya tatu: kununua nako kamili ya mtumba yenye habu na beringi yake, kama zile zinazouzwa Ilala na Gerezani kule Dar es Salaam. Unafungua ya zamani, unafunga hiyo, hakuna cha kusukuma. Ubaya wake ni kwamba unanunua beringi ambayo umri wake huujui. Kama nako yako yenyewe imeharibika tundu, hii ndiyo njia. Kama ni nzima, sioni sababu.

Tuje kwenye kufungua. Nati ya katikati ya shafti ilegeze gurudumu likiwa bado chini na mtu amekanyaga breki. Kwa gari lako inataka soketi ya 30. Ukingo wake umebonyezwa kwenye mfereji wa shafti ili isifunguke; uinue kwanza kwa tindo jembamba mpaka utoke kabisa, la sivyo utaharibu hesi ya shafti, na shafti ni ghali kuliko beringi. Nunua nati mpya kabisa. Ukishailegeza, gari lisisogee hata hatua moja likiwa chini, kwa sababu niliyoisema ya zile nusu mbili.

Zuia magurudumu ya nyuma, nyanyua, weka stendi chini ya bodi mahali palipoimarishwa. Jeki si stendi. Tofali la kuchoma si stendi. Linapasuka bila kutoa taarifa. Kama huna stendi, azima, au kazi isianze. Hata ukiwa na stendi, lisukumie gurudumu ulilofungua chini ya gari. Likishuka lishukie hapo.

Kalipa itundike kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa bomba lake la breki. Nati ya tairodi ifungue, kisha usigonge hesi yake. Gonga pembeni ya lile sikio la nako linaloishika tairodi, huku nyundo ya pili nzito imeegemezwa upande wa pili. Mapigo machache na inaachia yenyewe. Bolti mbili za shokapu zichore alama kabla ya kuzitoa, ili mwinamo wa gurudumu urudi ulipokuwa. Boljointi kwenye gari lako inaachana na mkono wa chini kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo huna haja ya kupambana na koni yake. Shafti isukume itoke kwa kugonga juu ya kipande cha mbao huku nati imerudishwa kidogo kulinda hesi, kisha ifunge kwa kamba isining'inie. Ikivutwa sana jointi ya ndani inachomoka. Kama gari lako lina sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki), itoe mapema, taratibu, kwa sababu kutu huishika na plastiki yake haina nguvu.

Nako ikiwa mezani, egemeza uso wake kwenye mbao nene pande zote mbili na uigonge habu kutoka nyuma kwa soketi inayopita kwenye tundu. Vaa miwani. Nasema tena, miwani, kwa sababu ringi ya beringi ni ngumu kama kioo na ikipigwa moja kwa moja na nyundo hurusha vipande vinavyoingia jichoni kama risasi. Habu itatoka ikiwa imeng'ang'aniwa na nusu ya ringi ya ndani. Hii isikutishe. Chana ringi hiyo kwa grainda kwa mshazari, karibu ufike kwenye habu lakini usiiguse, kisha weka tindo kwenye mfereji upige mara moja. Inapasuka na kulegea. Ukiikwaruza habu mahali ambapo ringi inakaa, lainisha kwa msasa mwembamba. Ukiikata kabisa, habu hiyo imekwisha.

Toa saklipu, kile kipete cha chuma kinachozuia beringi isitoke. Angalia kiko upande gani, maana beringi hutokea upande huohuo na upande wa pili una ukingo. Beringi ikishatoka, safisha tundu kwa kitambaa na mafuta ya taa na upitishe ukucha. Tundu zuri ni laini lenye rangi moja. Ukikuta mistari ya kuzunguka inayong'aa, ringi ya nje imekuwa ikizunguka ndani ya nako, na beringi yoyote utakayoweka humo italegea. Usiweke gundi wala karatasi ya bati kama wafanyavyo wengine. Hapo ndipo nako ya mtumba inapohitajika.

Beringi mpya ifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uilaze usiku kucha kwenye friza. Mtu atakuambia hiyo ni imani tu. Si imani. Chuma chenye kipenyo cha milimita 80 kikipoa nyuzi 40 kinasinyaa karibu milimita 0.04, na kubana kwa beringi kwenye nako ni kwa kiwango hichohicho cha sehemu za mia za milimita. Nako nayo iache juani iwe vuguvugu. Moto wa gesi usiusogeze karibu na beringi mpya. Grisi na sili havirudi.

Kama unatumia fimbo ya hesi, chukua ringi ya nje ya beringi ya zamani, ikate mpasuko mmoja ili isibane kwenye tundu, na hiyo ndiyo iisukume ringi ya nje ya mpya. Upande wa pili bomba pana likae kwenye nako. Kaza robo mzunguko, tazama kama imenyooka pande zote, endelea. Utahisi uzito ulio sawa. Ukigeuka ghafla kuwa mgumu kabla ya mwisho, imekwenda upande, irudishe. Ikifika kwenye ukingo, rudisha saklipu mpaka ikae kwenye mfereji wake wote. Kisha habu: kipande cha bomba chenye kipenyo cha ringi ya ndani kikae nyuma ya beringi, bamba likae mbele ya habu, fimbo ipite katikati, kaza. Nguvu inapita kwenye ringi ya ndani peke yake. Ukimaliza, izungushe kwa mkono. Iwe nzito kidogo, laini, kimya.

Kwa wenzako wenye magari mapya zaidi wanaosoma hapa: baadhi ya beringi zina ukanda wa sumaku ndani ya sili kwa ajili ya sensa ya ABS. Upande huo lazima uelekee kwenye sensa. Macho hayauoni vizuri. Klipu ndogo ya karatasi itanasa taratibu upande wenye sumaku. Ukiugeuza, taa ya ABS itawaka na itabidi ufungue kila kitu upya na kununua beringi nyingine.

Unapofunga, nati ya shafti ndiyo yenye neno la mwisho. Kipimo chake kwenye Corolla hii ni 216 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na inakazwa kabla gurudumu halijabeba uzito. Huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, najua. Tumia bomba na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo. Pima mita moja kamili kutoka katikati ya nati mpaka pale unapovuta, mtu akanyage breki, vuta kwa pembe iliyonyooka mpaka mizani isome kilo 22. Hiyo ni 216. Nati za gurudumu ni 103 Nm, kwa hiyo kilo kumi na nusu kwenye mita hiyohiyo. Kisha bonyeza ukingo wa nati mpya kwenye mfereji wa shafti. Kabla hujawasha gari, pampu pedali ya breki mpaka iwe ngumu.

Beringi yenyewe nunua yenye jina linalojulikana, Koyo, NSK au NTN, na nunua kwa muuzaji utakayeweza kumrudia, kwa sababu majina hayohayo ndiyo yanayoigwa zaidi. Nenda na ya zamani mkononi, linganisha namba iliyochongwa kwenye ringi, si iliyo kwenye boksi tu. Maandishi yaliyopinda, boksi lenye herufi zilizokosewa, au bei iliyo nusu ya duka la jirani, rudisha.

Na sasa, lini usiguse kabisa. Kama leo ukitikisa gurudumu juu na chini linacheza waziwazi, au baada ya mwendo mfupi habu ya kushoto ni moto kuliko ya kulia kiasi cha kushindwa kuishika, au pedali ya breki imeanza kushuka kwenye barabara mbovu, gari lisitoke tena. Habu inayoyumba inayumbisha diski, diski inasukuma pedi nyuma, na siku unayohitaji breki pedali haipo. Mwite fundi aje, au libebwe. Vilevile simama uombe msaada ukikuta hesi ya shafti imeliwa, au boljointi ina mchezo ulipoifungua. Na baada ya kazi, kama alama ulizochora kwenye bolti za shokapu hazikurudi sawasawa, litahitaji kupimwa mwelekeo wa magurudumu, na hilo halifanyiki kwa macho.

Ukishafunga, endesha kama kilomita 50 za lami bila kuzidi 80 kwa saa, simama mahali pa usalama, gusa habu zote mbili. Zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Siku inayofuata nyanyua tena, zungusha gurudumu ukiwa umeshika springi. Kama unahisi mchanga hata kidogo, andika ulichofanya hatua kwa hatua, hasa nini kiliegemewa na nini kilisukumwa, unitumie tuangalie pamoja.